Nani mwingine amechoka? (wauguzi, matabibu na wahudumu wa wazee)

Kutoka: Binti Gungu, Leeds

Ndugu zangu wa Kigoma, mwisho wa reli, habari za huko mliko. Wakubwa shikamooni.

Nina jambo ambalo kwenye vikao vyetu vya michango huwa halipati nafasi. Mimi ni mhudumu kwenye nyumba ya wazee, nipo kwa viza ya kazi. Wiki iliyopita bibi mmoja, ambaye nilikuwa nikimlisha na kumchana nywele tangu nifike, alifariki alfajiri nikiwa zamu. Tukamsafisha, wakaja watu wa mazishi wakamtolea mlango wa nyuma ili wenzake wasione. Kadi yenye jina lake pale mlangoni ikabanduliwa, na mchana akaletwa mtu mwingine kitanda kilekile. Hakuna aliyesema neno. Kwetu hapo turubai lingekuwa limeshafungwa, watu wanalala kwenye mikeka. Mimi nilipanda basi, nikafika chumbani, nikawasha simu: mchango wa harusi, ada ya mtoto wa kaka, bati za mama mdogo.

Tangu siku hiyo usingizi hauji. Kengele ya mgonjwa ikilia nasonya kabla sijainuka, na mimi sikuwa hivyo. Nikimwambia meneja hatanifutia udhamini wa viza? Wenzangu mnafanyaje?

Kutoka: Mzee wa Kibirizi, Toronto

Marahaba binti, pole sana. Kazi ni kazi. Sisi tuliotangulia hatukujua hayo mambo ya msongo, tulijua theluji na koleo. Sali, songa ugali, ulale. Na mchango wa mwezi huu usisahau mwanangu, orodha inafungwa Ijumaa.

Kutoka: Dada wa Ujiji, Birmingham

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo kwenye mchango umemtia mtoto msumari wa moto juu ya kidonda.

Mdogo wangu, pole na msiba. Nauita msiba kwa sababu ndivyo ulivyo, hata kama kazini kwako wameubandua pamoja na ile kadi.

Mimi ni muuguzi wa wodi, na nimekaa na uongozi wa chama chetu cha wafanyakazi kwa muda, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo. Hayo unayoyasema yanajulikana, Waingereza huyaita burnout, yaani kuchoshwa na kazi mpaka kuishiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliyaeleza katika orodha yake ya magonjwa, toleo la 11, kwa dalili tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi au umeanza kuidharau, na unajiona hufanyi la maana. Kule kusonya ni dalili ya pili. Na angalia walivyoliweka: hawakuliita ugonjwa, waliliita jambo linalotokana na kazi, msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Maana yake aliyepanga zamu naye anahusika. Ukifunga na kusali ni vizuri, nami nasali, lakini ratiba itabaki vilevile.

Sasa viza, maana najua ndiyo inayowafunga wengi midomo. Kanuni ya hapa Uingereza inasema ukikosekana kazini bila mshahara zaidi ya wiki nne kwa mwaka, mdhamini anaweza kutakiwa kuacha kukudhamini. Likizo ya ugonjwa haihesabiwi humo. Siku 7 za kwanza unajaza fomu mwenyewe, zaidi ya hapo unachukua cheti kwa daktari wa kituo ulikojiandikisha. Mameneja wengine wanajua kabisa kwamba hamjui hili, na wanaacha muendelee kutojua.

Hospitali kubwa zina kitengo cha afya ya wafanyakazi. Unayoyasema kule hayapelekwi kwa meneja bila ridhaa yako; yeye hupewa ushauri tu, kwa mfano usipangiwe usiku kwa muda fulani. Nyumba ndogo za wazee mara nyingi hazina kitengo hicho. Basi England unaweza kujiandikisha mwenyewe NHS Talking Therapies, tiba ya mazungumzo ya huduma ya afya ya taifa, bila kupitia kwa daktari, bure, na ukitaka mkalimani unaomba. Usiku ukiwa mzito sana, Samaritans, wale wa kusikiliza wenye dhiki kwa simu, ni 116 123, bure, saa zote. Ukiona unaanza kufikiria kujidhuru, piga 111 uchague namba 2.

Halafu saa za kazi. Kati ya zamu na zamu unatakiwa upate saa 11 za kupumzika, na wastani wa wiki usizidi saa 48. Wengi wetu siku ya kwanza tulipewa rundo la makaratasi tukasaini, na ndani yake mlikuwa na moja ya kukubali kuvuka hizo 48. Unaweza kuifuta. Na kama unafanya kazi ya usiku, mwajiri anatakiwa akupe nafasi ya kupimwa afya bure.

Ukitoka usiku, simu iache jikoni. Iwashe saa tisa alasiri. Majira haya ya baridi Kigoma ni saa kumi na mbili jioni, hakuna aliyelala, na bati hazitaota kutu kwa hizo saa.

Kutoka: Kaka wa Mwandiga, Texas

Asante dada. Huku kinachotutisha ni leseni, viza inafuata nyuma. Fomu za leseni za majimbo mengine zilikuwa zinauliza kama umewahi kutibiwa akili, watu wakaogopa kwenda kutibiwa. Baada ya Dk. Lorna Breen wa New York kujiua mwaka 2020, wakati wa korona, familia yake ilisimama kidete. Mwaka 2022 ikapita sheria yenye jina lake iliyotoa fedha kwa ajili ya afya ya akili ya wahudumu wa afya, na maswali yale yamekuwa yakiondolewa jimbo kwa jimbo. Kwa hiyo soma fomu ya jimbo lako, usisikilize hadithi za kantini. Namba ya dharura ya afya ya akili huku ni 988.

Kutoka: Sista wa Kasulu

Nawasoma nikiwa zamu, kwa hiyo mniwie radhi nikikatisha.

Msidhani huku tunapumzika. Usiku unabaki na wodi nzima, ndugu wa mgonjwa wanakufokea kwa dawa ambayo si wewe uliyeimaliza stoo, na ukisema umechoka unaulizwa nani alikulazimisha uuguzi.

Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa kijiji cha Kagunga, pale palipobanwa kati ya milima na ziwa, kipindupindu kikaingia. Meli ya Liemba ikawa inawavusha mpaka Kigoma mjini, wanapumzishwa uwanja wa Lake Tanganyika, halafu safari ya kambi ya Nyarugusu. Tuliokuwa kwenye mahema tulibadilisha dripu mpaka vidole vikachubuka kwa klorini. Mwanasaikolojia hatukumwona. Lakini jioni, buti zikishavuliwa, tulikaa juu ya kreti za soda tukawataja waliotutoka siku hiyo. Mwingine unamjua jina, mwingine unajua tu kwamba alikuwa na kitenge cha kijani. Mtu analia, mwingine anachekesha, tunaachana. Hakuna aliyetuagiza. Walioondoka bila kukaa pale, baadhi yao waliacha kazi.

Na lingine. Waambieni ndugu zenu ukweli. Mnatutumia picha ya viatu vipya kwenye theluji, sisi tutajuaje kwamba mtu anakesha zamu kwenye nyumba mbili za wazee ili zipatikane hizo bati? Mimi mdogo wangu aliponiambia waziwazi, nilimwita mama tukakaa, na orodha ikapungua nusu. Kengele, nakwenda.

Kutoka: Dada wa Ujiji, Birmingham

Sista, hicho kikao chenu cha kreti huku wamekipa jina na ratiba. Kilianzia Boston, wakakiita Schwartz kwa kumkumbuka Kenneth Schwartz, mwanasheria aliyefariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1995. Uingereza kilifika 2009. Daktari bingwa na mfagizi wanakaa chumba kimoja kwa saa nzima, wachache wanaeleza kisa kilivyowagusa, na hairuhusiwi kutafuta suluhisho. Kwangu kipo. Kwa Binti Gungu sidhani, ndiyo maana naomba tufanye chetu kwa simu Jumamosi, saa kumi na mbili jioni ya huku, saa tatu usiku ya nyumbani. Michango isitajwe.

Kutoka: Mzee wa Kibirizi, Toronto

Nimesikia. Jina la binti nimelitoa kwenye orodha ya mwezi huu. Jumamosi nitakuwepo, nami nina wangu wa kumtaja.

Kutoka: Binti Gungu, Leeds

Asanteni, nimesoma yote mara mbili. Karatasi ya saa 48 nimeikuta, kweli nilisaini. Kuifuta lazima nitoe sababu? Naogopa wataniuliza.

Kutoka: Dada wa Ujiji, Birmingham

Hudaiwi sababu. Andika mistari miwili kwamba unaondoa ridhaa yako, weka tarehe, tuma kwa barua pepe ili nakala ibaki kwako. Notisi ni siku 7, isipokuwa kama mkataba umetaja muda mrefu zaidi, na hauwezi kuzidi miezi mitatu. Nitumie rasimu kabla hujapeleka.