Naomba ushauri: mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kiwiko, ufunguliwe tu au uhamishwe?

Dereva wa Uyole
Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Nina miaka 46 na kwa miaka 11 nimekuwa nikiendesha Fuso la viazi kutoka Uyole hadi Dar es Salaam, kiwiko cha kulia kikiwa juu ya ukingo wa dirisha karibu safari nzima. Tangu mwaka jana kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete vinakufa ganzi, hasa usiku ninapolala nimekunja mkono, na baridi ya Juni iliongeza adha. Sasa hata kufunga vifungo vya shati ni kazi. Kipimo cha umeme wa neva kimeonyesha kwamba mshipa umebanwa kwenye kiwiko. Daktari wa kwanza anashauri aufungulie nafasi pale pale ulipo, wa pili anataka kuuhamishia mbele ya kiwiko. Moyo wangu uko kwa wa kwanza, ingawa huenda ni kwa sababu kidonda chake ni kidogo. Naomba uzoefu wenu, pia kuhusu muda wa kurudi kazini. Naomba kuwasilisha.

Mama Mazoezi, Iringa
Pole sana, kaka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Mshipa huo hupita nyuma ya kifundo cha mfupa upande wa ndani wa kiwiko, pale ambapo ukijigonga unasikia kama umepigwa na umeme, na kila unapokunja mkono unavutika na kubanwa. Mtu ambaye ganzi yake huja na kuondoka tunamshauri kwanza azungushie taulo kwenye kiwiko usiku ili mkono usikunjike, na aache kukiegemea. Wewe, hata hivyo, umeshaanza kupoteza nguvu. Shika karatasi kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, kisha mtu aivute: kidole gumba kikijikunja ili kuizuia, misuli imedhoofika, na misuli iliyokwisha kunyauka mara nyingi hairudi yote. Kuhusu uchaguzi, tafiti zilizolinganisha njia hizi mbili zimeona matokeo yanayokaribiana, huku ile ya kufungua tu ikiwa na matatizo machache ya kidonda. Kuhamisha kuna mahali pake, kwa mfano mshipa unaporuka juu ya mfupa kila unapokunja mkono, au kiwiko kilichopinda kwa kuvunjika zamani. Muulize daktari wa pili ameona nini kwako.

Tabibu Mstaafu, Tukuyu
Kabla ya kisu, je, umechunguzwa ukoma? Watu hawapendi kulisikia neno hilo, lakini ugonjwa huo huvimbisha mshipa huu huu, na dawa zake hutolewa bure. Angalia kama una baka lisilo na hisia kwenye ngozi. Pima pia sukari, maana nayo huleta ganzi, na shingo isisahauliwe, kwani mshipa unaweza kubanwa hata huko.

Fundi Mbao, Mafinga
Mimi nilifunguliwa tu mwaka 2021. Nilitoka hospitali kesho yake, vidole nikaanza kuvichezesha mara moja, na nyuzi zikatolewa siku ya 14. Maumivu ya usiku yaliisha ndani ya wiki ya kwanza, nikadhani nimepona, nikanyanyua ubao wiki ya tatu na kujuta. Kazi nzito nilirudia baada ya miezi mitatu. Ganzi ndiyo iliyonisumbua: daktari alinieleza kwamba neva hukua kama milimita moja kwa siku, na kutoka kiwikoni hadi ncha ya kidole ni zaidi ya sentimita 30, kwa hiyo nilisubiri karibu mwaka mzima. Chini ya kovu bado pana sehemu isiyo na hisia, ila nimeizoea.

Dereva wa Uyole
Nashukuru nyote. Karatasi nimeijaribu na kidole gumba kimejikunja kama alivyosema Mama Mazoezi. Tabibu, shikamoo, mabaka sina, ila sukari sijawahi kupima, nitapima. Jumatatu ninarudi kwa daktari wa pili kumuuliza kama mshipa wangu unaruka mfupa, na kama hauruki nitakwenda kwa wa kwanza. Gari nimeshamtafutia dereva wa miezi mitatu. Taulo nililifunga jana usiku, mke wangu akacheka sana, lakini sikuamka hata mara moja.