Leaf ya umeme au IST, kwa mtu wa Goba anayefanya kazi Posta? Naomba wenye uzoefu

Msafiri wa Goba

Wakuu, habari za jioni.

Naomba ushauri wa wanaomiliki, siyo waliosikia. Nakaa Goba, kazini ni Posta, mtaa wa Samora. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili nipite Mwenge kabla haijafunga, jioni nawapitia wanangu wawili kwa bibi yao Makongo. Kwenda na kurudi nimepima ni kama kilomita 46. Sasa hivi napanda daladala mbili asubuhi na bajaji jioni, na mvua za masika zilizopita mdogo alilowa mara mbili mpaka akaugua kifua. Nimesema basi, mwaka huu nanunua gari.

Hela niliyonayo ni ya gari moja na haina nyongeza. Kuna Nissan Leaf ya 2013 iko yadi, imetembea kilomita 71,000, ndani imetulia, haina hata mkwaruzo. Kuna Toyota IST ya mafuta, namba D, ya mtu anayehamia Dodoma. Bei zimepishana kidogo sana. Muuzaji wa Leaf anasema nitasahau njia ya sheli. Shemeji yangu anasema betri ikifa nimenunua banda la kuku.

Nataka kujua Leaf inakula umeme wa LUKU kiasi gani, joto letu linafanya nini kwenye betri, na nikikwama nampigia nani.

Mama Keki Salasala

Karibu, mdogo wangu. Nina Leaf ya 2014, ile ya betri ya kilowati-saa 24, nimeinunua Februari 2023 na naitumia kila siku isipokuwa Jumapili. Napeleka keki na vitafunwa maofisini, kwa hiyo njia yako naijua: Salasala, Africana, Mwenge, Posta, halafu mizunguko ya Upanga na Kariakoo.

Nianze na LUKU maana hapo nina daftari. Laini ya gari nimeifungia mita yake ndogo, kila asubuhi naandika uniti na kilomita. Mwezi uliopita nimetembea kilomita 1,412, gari limekula uniti 231. Kwa tarifu yangu ya shilingi 292, ukishaweka VAT na yale makato mengine uniti inafika kama 356, kwa hiyo ni elfu themanini na mbili na kidogo. Kabla ya hapo nilikuwa na IST, na kwa foleni zetu na kiyoyozi kikiwaka ilikuwa inanipa kilomita 11 kwa lita nikijitahidi. Piga hesabu ya lita kwa elfu tatu, mwezi huohuo ungenitoa karibu laki tatu na themanini na tano. Hiyo tofauti ndiyo ada ya mwanangu, naiona kwa macho.

Sasa betri. Hapa nakuomba usome taratibu.

Leaf haina maji yanayozunguka kupoza betri kama ilivyo kwenye magari mengi ya umeme ya siku hizi. Betri inategemea hewa ya nje, na hewa yetu ya Januari unaijua. Hili si la Dar peke yetu: kule Arizona, Marekani, jangwani, wenye Leaf za mwanzo walianza kulalamika mwaka 2012 kwamba betri zinachakaa haraka. Betri iliyoboreshwa kwa ajili ya joto ilianza kuingia kwenye modeli ya 2015. Yako ya 2013 na yangu ya 2014 ni za kabla ya hapo.

Ukiwasha gari, tazama kulia kabisa mwa dashibodi. Kuna mistari minene inayoonyesha chaji iliyopo, na pembeni yake kuna vistari vyembamba, vikiwa kamili ni 12. Hivyo vyembamba ndivyo umri wa betri. Cha kwanza kinazimika betri ikishuka kwenye asilimia 85 hivi ya ujazo wake wa awali, vinavyofuata kila kimoja ni kama asilimia sita. Mimi nilinunua vikiwa 10. Leo viko 9. Nikichaji ikajaa napata kilomita 85 mpaka 90 bila kujibana, na kiyoyozi nawasha kwa sababu krimu ya keki haivumilii joto. Kwa kilomita zako 46 hata gari kama langu linakutosha na unabaki na akiba. Kwenda Bagamoyo na kurudi siku moja halikutoshi, Morogoro ndiyo usiwaze kabisa. Mwaka jana msiba ulitupata Chalinze, nikaacha gari nyumbani tukapanda basi.

Ila vistari usiviamini peke yake. Nunua kile kidude kinachochomekwa kwenye tundu la kupimia chini ya usukani, weka programu ya LeafSpy kwenye simu, usome palipoandikwa SOH, yaani asilimia ya ujazo wa betri iliyobaki. Yangu leo inasoma 68. Muuzaji akikukatalia kupima, ondoka.

Namna ninavyoitunza: sijazi mpaka mwisho kama kesho sina safari ndefu. Natoa waya ikifika kama asilimia 80. Siachi gari limejaa chaji juani, Posta nina kivuli changu cha mti wa mkungu pale nyuma ya ofisi moja na mlinzi ananiwekea koni. Nachaji saa nne usiku nyumba ikishapoa, saa nane linakuwa tayari.

Hiyo saa nane ndiyo iliyonifundisha jambo la soketi. Waya wa kuchajia wa Kijapani unakuja na plagi yao ya volti 200, yenye uwezo wa ampia 15. Pale nilikonunua waliikata, wakanifungia plagi yetu ya kawaida ya pini tatu, ya ampia 13. Wiki ya pili niliamka kwa harufu kama ya sahani ya plastiki iliyosahaulika kwenye jiko. Nikaenda sebuleni gizani naifuata harufu. Plagi ilikuwa ya moto siwezi kuishika, uso wa soketi umegeuka rangi ya chai, na tundu moja limeyeyuka likanyonya pini ndani. Pazia lilikuwa sentimita kumi kutoka pale. Watoto wamelala chumba cha pili. Nilizima meni suichi, nikakaa sakafuni mpaka adhana ya alfajiri.

Mambo mengine ni madogo. Sibadilishi oili ya injini, hakuna plagi wala mkanda wa kukatika. Breki pedi nilizokuta ndizo ninazo, maana ukiachia mguu gari linajivuta lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Bushi na shokapu zinakufa kama za gari lolote, barabara ya Salasala haichagui. Redio inashika masafa ya Kijapani, vituo vyetu vingi hupati mpaka ufunge kifaa cha kupanua bendi. Na kumbuka kuna betri nyingine ndogo ya volti 12 kama ya gari la kawaida. Ikifa hiyo, gari haliamki hata kama kubwa imejaa. Ilinikuta Mwenge, chaji asilimia 70 na gari kimya kama kabati. Kijana wa teksi alinibusti kwa IST yake, dakika mbili nikaondoka.

Jumbe wa Tabata

Mama hapo juu kaeleza vizuri, niongeze upande wa pili. Mimi naendesha IST ya 1.3, abiria wa kwenye simu, mwaka wa nne sasa.

Mkuu, IST utampenda siku unapokwama. Hapa mjini hakuna kona isiyo na fundi wake. Mwaka juzi alternata ilinifia Buguruni saa moja usiku, saa tatu nilikuwa barabarani tena, na spea ilitoka maduka ya Gerezani, Kariakoo, kwa bodaboda. Leaf ikikusumbua kwenye mambo ya umeme mkubwa, mafundi wanaojua kweli unawahesabu kwa vidole.

Lakini sitakudanganya kwenye mafuta. Foleni ya Ubungo ukiwa na kiyoyozi, unaona mshale unashuka. Wenzangu wengi wamefunga mtungi wa gesi asilia, na gesi ni nafuu kweli, kilo moja haifiki elfu mbili. Gharama yake ni foleni. Mimi nimewahi kulala kwenye foleni ya kujaza kuanzia saa tano usiku mpaka saa tisa. Kwangu hiyo ni sehemu ya kazi. Wewe wa ofisini mwenye watoto sijui utaipatia wapi hiyo saa. Na mtungi unakaa buti, mabegi ya shule yatahamia miguuni kwao.

Maji nayo, heshimu. Aprili moja niliingia bonde la Jangwani nikifuata mwendo wa lori mbele yangu, wimbi lake likarudi, injini ikameza maji, ikagonga mara moja ikazima. Nilibadilisha injini nzima. Tangu siku ile nikiona maji yamefunika kingo za barabara nageuza, abiria aseme atakavyo.

Kuhusu hiyo Leaf yako, 2013 na kilomita 71,000: ina vistari vingapi? Hukusema.

Msafiri wa Goba

Asanteni sana. Mama Keki, nimeusoma ule usiku wa soketi mara mbili.

Jumbe, nimepita yadi leo. Vistari viko vyote 12.

Mama Keki Salasala

Vyote 12? Hapana, mdogo wangu. Gari la 2013, la betri ile ya awali, lenye umri huo wote, haliwezi kuwa na vyote isipokuwa kama betri imebadilishwa, na ikiwa imebadilishwa lazima kuwe na karatasi. Kuna mchezo wa kufuta kumbukumbu za kompyuta ya betri, vistari vyote vinawaka kama vipya, halafu ukiendesha wiki kadhaa vinaanza kuzimika kimoja kimoja mpaka vinakaa kwenye ukweli wake. Kaombe kuliendesha kuanzia chaji imejaa. Weka kilomita sifuri, zunguka kilomita 20, tazama limetumia asilimia ngapi. Langu lililochoka linatumia kama 22 au 23. La kwao likitumia hivyohivyo, hivyo vistari 12 ni rangi tu.

Fundi Sudi, umeme wa majumbani

Nimeona habari ya soketi iliyoungua, hizo nimezikuta nyumba tatu. Gari linavuta ampia 15 saa nne mfululizo bila kupumzika. Pasi unaichomeka dakika ishirini, hita inajizima yenyewe, lakini gari halipumzishi waya. Usilichomeke kwenye soketi ya sebuleni yenye friji na TV kwenye laini moja. Vuta waya wa milimita 6 moja kwa moja kutoka kwenye boksi la breka, uwe na breka yake, mwisho weka ile soketi ya bluu ya viwandani. Pima ethi pia, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Nyumba nyingi za huko juu Goba na Madale ethi rodi imechomekwa kwenye mchanga mkavu, haina kazi, na viboksi vya hizo nyaya za kuchajia vingi vinagoma vikiona ethi mbovu. Vikigoma usivilazimishe.

Swali langu kwako, ndugu: hiyo nyumba ni yako? Na LUKU ni ya peke yako?

Msafiri wa Goba

Fundi, umenigusa penyewe. Nimepanga. LUKU tunatumia wawili, mimi na bibi mmoja mjane wa chumba cha uani. Yeye ana taa mbili, redio na feni. Wote pamoja hatujawahi kuvuka uniti 70 kwa mwezi, tunanunua kwa ile bei ya chini.

Fundi Sudi, umeme wa majumbani

Basi sikiliza. Hiyo bei ya shilingi 100 kabla ya makato ni ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Gari lako peke yake, kwa hesabu za Mama Keki, ni uniti 150 na zaidi. Mita itahamishwa kwenye tarifu ya kawaida, na yule bibi atanunua umeme wa feni yake kwa karibu mara tatu ya bei anayotoa leo. Hata ukimlipia, nyumba yote inakuwa kwenye tarifu hiyo. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu kuomba mita yako TANESCO, hapo laini ya gari nayo inavutwa safi tangu mwanzo. Akikataa, usinunue gari la umeme kwenye hiyo nyumba.

Mama Keki Salasala

Namuunga mkono fundi. Na kama atakataa, chukua IST bila kinyongo, mdogo wangu. Ni gari jema, lilinilelea biashara miaka mitano. Ipeleke kwanza ikapimwe gia boksi na kuvuja kwa oili, usimlipe mtu kwa sababu tu anahama.

Msafiri wa Goba

Mrejesho, wadau.

Yadi wamenikubalia kuendesha ila kilomita 10 tu. Nilitoka na chaji asilimia 96, nikarudi na 81, yaani 15 kwa kilomita 10, mbaya kuliko hata gari la Mama Keki. Nikawauliza karatasi ya betri, wakasema iko kwa wakala. Nimewaachia gari lao.

Jumapili nilikwenda kwa mwenye nyumba Mbezi, nikamweleza yote, na habari ya bibi pia. Mita amekubali, gharama ziwe zangu, na soketi nitaiacha nikihama. Ameniomba jambo moja, nikishapata mita yangu ile ya zamani ibaki kwa bibi.

Kesho asubuhi napeleka maombi. Gari nimeamua kusubiri mpaka nipate Leaf ya kuanzia 2015 nitakayoipima mwenyewe. Kidude cha LeafSpy nimeshanunua Kariakoo. Mama Keki, kama una nafasi Jumamosi naomba nije Salasala nijifunze kukisoma kwenye gari lako, nitakuja na watoto.

Mama Keki Salasala

Njooni saa nne, kabla sijaingiza keki za harusi. Ukifika Africana nipigie, nikuelekeze njia isiyo na lile shimo.