Mjadala: Je, mwanafunzi wa sekondari apewe kitabu cha uhakiki kabla hajaisoma riwaya?

Mleta hoja, mwalimu wa Kiswahili, Mbeya

Ndugu walimu na wazazi wa Nyanda za Juu Kusini, naleta hoja kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu asipewe notisi za dhamira wala kitabu cha uhakiki, yaani kile kinachoichambua riwaya, mpaka awe ameisoma riwaya yenyewe hadi mwisho. Ilivyo sasa, darasa linaandikiwa ubaoni dhamira, migogoro, falsafa na ujumbe wa riwaya ambayo wengi hawajaifungua. Mtihani wa Taifa nao unachangia, kwa kuwa swali lililozoeleka humtaka mtahiniwa atoe hoja tatu kutoka katika kila kitabu, na hoja tatu zinakaririka bila kusoma chochote.

Hasara ni kubwa zaidi katika riwaya za kihalisia, ambazo msomaji wake anapaswa kuyapima maisha ya wahusika kwa maisha anayoyajua. Chukueni *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo, inayohusu mama muuza chakula na watoto wake jijini Dar es Salaam. Notisi husema dhamira ni umaskini, zikaishia hapo. Lakini mwanafunzi ambaye mama yake anauza chakula katika soko la Mwanjelwa hapa Mbeya anajua gunia la mkaa linapikia siku ngapi, anajua kwamba ushuru hudaiwa hata siku ambayo wateja hawakuja, na anajua kwamba deni la unga hulipwa kabla ya michango ya shule. Akiulizwa ni wapi mwandishi ameyapatia maisha hayo na ni wapi ameyarahisisha, atasema jambo ambalo halimo katika kitini chochote. Napendekeza pia kila mwanafunzi aandike hadithi fupi moja ya kihalisia kuhusu kwao, iwe ni mashamba ya chai ya Rungwe au stendi ya Mbalizi, ili aone ilivyo kazi kumpa mhusika sababu za kutenda anayoyatenda.

Mwalimu wa shule ya kata, Mufindi

Mwalimu mwenzangu, hoja hiyo inazifaa shule zenye vitabu. Mtahiniwa anahitaji riwaya mbili na tamthiliya mbili, achilia mbali diwani za mashairi, na kitabu kimoja cha uhakiki hukusanya zote kwa bei ambayo mzazi anaimudu. Kwetu riwaya huzunguka bwenini mpaka kurasa za mwisho zinanyofoka. Isitoshe, masomo mengine karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, hivyo muda wa kusoma Kiswahili kirefu ni vipindi vyetu tu. Nikisubiri kila mmoja amalize, muhula utaisha.

Mleta hoja

Nakala moja inatosha kusomwa kwa sauti darasani, sura kwa sura, wanafunzi wakipokezana. Notisi zije baadaye.

Mzazi, Njombe

Kamwene, mwalimu. Uhakiki nawaachia ninyi. Kinachonitia hofu ni hizo hadithi za kihalisia. Njombe na Iringa ni mikoa yenye kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU, na mabinti wengi wa huku wamekwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Binti akiambiwa aandike maisha halisi atamwandika shangazi yake, na darasa lililojaa watoto wa kijiji kimoja litamtambua shangazi huyo kabla aya ya kwanza haijaisha. Tamthiliya kama *Kilio Chetu* ina faida hiyo: mtoto anaweza kujadili UKIMWI kupitia watu wasiomhusu, bila mtu kumuuliza nani kwao anatumia dawa. Tukumbuke vilevile kwamba *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu ya uwazi wake. Ikiwa mwandishi mzima alikutana na hayo, binti wa kidato cha tatu atalindwa na nani?

Mleta hoja

Mama, hofu yako ni ya haki, na hadithi isisomwe mbele ya darasa bila ridhaa ya aliyeiandika. Mwanafunzi afundishwe pia kuchanganya watu wawili katika mhusika mmoja, kubadili kazi yake na kuhamisha kijiji, kwani uhalisia haudai jina la mtu. Hata hivyo, sikubali kwamba watu wasiomhusu wanamtosha mtoto. Anayekaa nyuma yao siku zote ndiye anayejibu kila swali la fasihi kwa kuandika "jamii ielimishwe".

Mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa

Shikamooni. Naunga mkono kusoma kwanza, ila kipimo cha maisha tunayoyajua hakitoshi kwa kila riwaya. Nimesoma *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi, ambayo mandhari yake ni Zanzibar ya wakati wa ukoloni, nami sijawahi kufika Unguja. Yasmini aliyeozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima aliyemzidi sana umri, nilimwelewa bila msaada, na uamuzi wake wa kuondoka niliona unatokana na yote tuliyokwisha kuelezwa. Harakati za kisiasa za mhusika Denge na wenzake ndizo zilizonishinda, na hapo kitabu cha uhakiki hakikunifaa, kwa kuwa kiliandika "ukombozi" pasipo kueleza nani alikuwa anadai nini. Naomba mwalimu wa Historia aalikwe katika kipindi cha Kiswahili, walau kimoja, kabla hatujafika sura hizo.