Bomba la bustani: presha ndogo na tangi limejaa

Kijani_Uani: Wakuu, habari zenu. Tangi la lita 1,000 liko juu ya mnara wa mita 3. Bomba la PPR (plastiki ngumu ya kuunganisha kwa joto) la milimita 20 limefukiwa mita 35 hadi koki ya bustani. Nikifungua, maji yanaruka sekunde mbili tatu halafu yanalegea. Ndoo ya lita 20 ilikuwa inajaa kwa dakika 3, sasa ni 8. Jikoni, tangi hilohilo, hakuna shida. Nifunge pampu?

FundiBomba: Pampu ngoja kwanza, mkuu. Maji kuruka mwanzoni maana yake presha ipo koki ikiwa imefungwa. Yanabanwa yakianza kutembea. Na kama jikoni kuko sawa, kizuizi kiko baada ya tii, pale njia inapogawanyika kwenda jikoni na bustanini. Funga geti valvu (ile ya gurudumu) ya tawi la bustani, ng'oa koki nzima, kisha fungua valvu. Yakimwagika vizuri, koki ndiyo mbovu: wosha (mpira wa ndani) imevimba au mchanga umeziba tundu. Yakibaki vilevile, kagua geti valvu. Gurudumu likizunguka bila kufika mwisho, bamba la ndani limeachana na mhimili na limening'inia njiani.

Mr_Yunioni: Valvu ikiwa nzima, basi ni tope. Fungua yunioni (kiungo cha kufungua bila kukata bomba) iliyo karibu na tii, halafu kutokea bustanini sukuma maji ya mtaani kwa mpira. Yatokee hapo kwenye yunioni, yasirudi tangini! Ukiona udongo umelowa kwenye njia ya bomba wakati hujamwagilia, hilo limepasuka.

Kijani_Uani: Gurudumu linazunguka tu, halikazi.

FundiBomba: Basi ndiyo hiyo, usihangaike kuitengeneza. Nunua valvu ya brasi ya nusu inchi, ile ya mkono inayofunguka kwa robo mzunguko, na adapta mbili za PPR za nyuzi (za kufungia valvu), milimita 20 upande wa bomba kwa nusu inchi upande wa valvu. Ukichomelea, usizamishe bomba kupita alama: plastiki ikiyeyuka inajikunja ndani na kuziba tundu, urudi palepale.

Mr_Yunioni: Ila usitegemee zaidi ya ile ndoo ya dakika 3. PPR ya 20 ina tundu la milimita 13 tu, na mita 3 za mnara ni presha ya kama bar 0.3. Ukibadili njia yote kuwa ya milimita 32, ndoo itajaa kwa takriban dakika moja. Springla za kuzunguka ni habari nyingine, bila pampu hazizunguki.