Mjadala: Udhamini wa matamasha Zanzibar ufuate idadi ya wahudhuriaji au kinachobaki shehiani?

Mtoa mada
Wenzangu, wadhamini wengi huamua kwa swali moja tu: watu wangapi watahudhuria? Naona swali hilo linawapotosha. Tamasha la Julai, hoteli zikiwa zimeshajaa, halijazi kitanda kilichokuwa kitupu. Linagawana wageni waliokwisha fika. Napendekeza alama 100: 40 kwa usiku wa ziada wa malazi, 30 kwa fedha zinazolipwa watu wa shehia husika (eneo dogo kabisa la utawala huku Zanzibar), 20 kwa bajeti na hesabu za mwaka uliopita, 10 kwa usafi na usalama. Chini ya 60 asipewe mtu.

Mhasibu
Usiku wa ziada unapimika, ila si kwa kuhesabu tiketi. Waweke vijana wawili mlangoni wamuulize kila mgeni wa kumi: unalala wapi, usiku ngapi, na ungekuja Zanzibar tarehe hizi kama tamasha lisingekuwapo? Tuseme wameingia wageni 1,200, wakaulizwa 120, na 30 wakajibu wasingekuja. Hiyo ni robo, yaani wageni 300. Kwa wastani wa usiku 4, ni usiku 1,200 wa malazi. Namba hiyo ndiyo iandikwe kwenye ripoti.

Makosa mawili hujirudia. Tiketi za siku moja moja humhesabu mtu yule yule mara nne kwenye tamasha la siku nne, kwa hiyo aulizwe kwanza kama alishahojiwa. Kosa la pili ni udhamini wa vitu: hoteli inatoa vyumba 10 Novemba na kuviandika kwa bei ya Agosti. Chumba ambacho kingebaki kitupu kiandikwe gharama ya shuka, chai ya asubuhi na umeme, basi.

Wa Kusini
Alama 40 za malazi zinauua palepale Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, kusini mwa Unguja. Siku yake inafuata hesabu ya mwaka wa jua, ya Nairuzi, ndiyo maana huangukia Julai kila mwaka. Haisogezwi kwenda Novemba ili jedwali la mtu lipendeze! Na haufanywi kwa ajili ya mgeni. Mtalii anafika mchana, anaona watu wakipigana kwa migomba na kibanda kikichomwa, jioni anarudi hotelini kwake. Usiku wa ziada ni karibu na sifuri, lakini taka, foleni ya magari na haja ya vyoo vinabaki kwa wanakijiji. Hizo gharama nani anazilipa?

Mtoa mada
Hoja nzito, naikubali. Basi mila ziwe na mfuko wao, bila alama za malazi: maji, vyoo, gari la wagonjwa, maegesho na usafi wa siku ya pili. Bango la mdhamini likae maegeshoni, lisiingie uwanjani.

Fundi wa jukwaa
Mnajadili alama, wakati matamasha yanauawa na fedha kuchelewa. Tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004 na kujulikana duniani, halikufanyika 2016 kwa kukosa fedha. Tiketi za ndege za wasanii, viza na vyombo vinavyovushwa kwa meli kutoka Dar vinalipiwa miezi kabla. Ahadi ya mdomo hailipi nauli. Mkataba useme: asilimia 50 siku ya kusaini, 30 wiki tatu kabla, 20 baada ya ripoti. Kwa kamati ndogo ya kijiji hiyo 20 ya mwisho ni kitanzi, maana mwenye jenereta na mwenye mahema wanataka taslimu. Hao mdhamini awalipe moja kwa moja kwa ankara.

Tazameni na kalenda. Ramadhani inarudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kutegemea mwezi kuandama. Anayeomba fedha za ngoma za Februari aonyeshe kwanza tarehe mbadala.

Mwenye nyumba ya wageni
Kwa nini tusisukume kila kitu Aprili na Mei, vyumba vikiwa vitupu?

Fundi wa jukwaa
Kwa sababu ni masika. Ngome Kongwe, ile ngome ya kale ya Mji Mkongwe yanakofanyika matamasha, uwanja wake uko wazi, na umeme na maji havipatani. Isitoshe hoteli nyingi za pwani hufunga kwa matengenezo, hivyo hata vyumba vya kuuza havipo. Juni mwanzoni kunafaa zaidi. Novemba kuna vuli, lakini mvua zake kwa kawaida ni za vipindi vifupi.

Wa Kusini
Bado hamjasema nani anatoa alama. Meneja wa hoteli inayodhamini asikae kwenye kamati hiyo. Waingie mtu wa Kamisheni ya Utalii, mhasibu wa nje, na wawili wa shehia waliochaguliwa mkutanoni, mmoja wao mwanamke, kwa kuwa mama lishe na wauza vitambaa ndio wanaojua fedha ziliishia wapi. Na alama zibandikwe ofisi ya sheha, kiongozi wa shehia, kabla fedha hazijatoka.

Mhasibu
Nakubali yote isipokuwa wawili wa shehia. Tamasha likiwa la kwao, watajipa zile alama 30 za fedha za shehia zote. Watoke shehia jirani.

Wa Kusini
Shehia jirani nayo inagombea mfuko huo huo. Hapo sikubali.