Mjadala: Simu ndiyo inayowala wanafunzi wa vyuo, au sisi tuliohamishia darasa ndani ya simu?

Mwanzisha mada, Tunguu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni wa Micheweni, Pemba, nasoma chuo mwaka wa tatu huku Tunguu, Unguja, na mwaka jana nilipata sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia. Sikuumwa, wala sikukosa ada. Nilikuwa nikikesha na video mpaka alfajiri, na saa mbili asubuhi niko darasani kiwiliwili tu. Nauliza: huu ni ugonjwa wa kutibiwa, ni uzembe wa kuadhibiwa, au kuna jambo jengine?

Nieleze usiku wenyewe ulivyo. Chumba tunapanga watatu. Bando la mchana ghali. La usiku rahisi, ila linaanza saa sita. Mwenye bumu la kubana, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, husubiri saa sita ifike ndipo apakue notsi. Notsi zikisha, bando bado limejaa na alfajiri litakufa, na roho haikubali kitu ulichokilipia kipotee. Unaingia TikTok dakika tano. Mle hamna mwisho. Aza Raskin, Mmarekani aliyebuni mwaka 2006 ule mtindo wa ukurasa usiokwisha, amekuja kuujutia hadharani. Kahawa ya barazani, mdila ukikauka watu huagana. Simu haikauki, na kinachofuata hukijui kitakuwa kitamu au kibovu, ndiyo maana kidole hakitulii.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, walitunga maswali sita juu ya Facebook. Unaiwaza muda mrefu? Unazidi kuitaka? Unaikimbilia usahau shida zako? Umejaribu kupunguza ukashindwa? Ukizuiwa unakosa utulivu? Imekuharibia kazi au masomo? Ukijibu "mara nyingi" kwa manne, wanasema huenda umeshanaswa. Nilijipima mwenyewe nikapata matano.

Basi nikaamua. Nilifuta kila kitu, na WhatsApp ndani yake, wiki nzima. Nililala, nilisoma, nilikwenda Alfajiri msikitini. Jumamosi nikapata habari kwamba jaribio lililopangwa Jumatatu limeshafanyika asubuhi ile ile. Tangazo lilitoka kwenye grupu la darasa Ijumaa saa nne usiku. Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba shida haiko kwangu peke yangu. Notsi ziko kwenye grupu, ratiba iko kwenye grupu, chumba cha mtihani kinabadilishwa kwenye grupu. Kisha tunaambiwa vijana wa siku hizi hawaachi simu.

Mhadhiri, Unguja

Mwanangu, pole, na umesema kweli nyingi. Lakini usiitupe lawama yote kwa wenzio. Disemba 2009 waya wa umeme wa baharini ulipoharibika, Unguja tulikaa gizani kiasi cha miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Mimi nilikuwa mwanafunzi. Tulisoma kwa kandili, moshi puani, na mitihani tukafanya. Nia ilikuwepo.

Na hayo magrupu hayakuanza kwa uvivu wa walimu. Ubao wa matangazo ulikuwepo, hausomwi. Leo nikifundisha, naona vichwa vimeinama nusu ya ukumbi, na najua hawaandiki. Mimi naunga mkono simu zikusanywe mlangoni, kila mtu achukue yake akitoka.

Mchangiaji, Mwanakwerekwe

Shikamoo Maalim. Kwa heshima zote, hilo la kukusanya simu sikubaliani nalo. Nauza mabaibui Instagram tangu mwaka wa kwanza. Mteja akiuliza bei nisipomjibu, saa ile ile anahamia kwa mwengine. Ada yangu inatoka humo, na baba yangu ni mvuvi, sina pengine. Ukinichukulia simu umenifungia duka. Mdogo wangu wa Micheweni, wewe ulikuwa ukitazama video, mimi nafanya biashara, tusitiwe kapu moja.

Mchangiaji, Mtoni

Naomba neno moja tuwe nalo makini. Watu wanasema "uraibu wa mitandao", "mateja wa TikTok", wanacheka. Kaka yangu alikuwa kwenye unga wa kulevya miaka saba. Nimeiona arosto kwa macho yangu: mtu anatapika, anatetemeka, mama anamshika miguu. Hili lenu silo lile. Hata Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika 2022, limetia kushindwa kujizuia na michezo ya kidijitali, mitandao ya kijamii halikuitia.

Lakini kuna jambo nililojifunza nyumba ya nafuu, wanakokaa wanaoacha unga, alikokaa kaka. Jambo la mwanzo walilomwambia lilikuwa: usirudi maskani ile, kijiwe ulichokuwa ukikaa na wenzio wa unga. Kama kazi yako iko pale, tafuta kazi nyengine, kwa sababu nia yako haitaishinda maskani kila siku. Sasa mimi nauliza walimu: mwanafunzi anayetaka kuacha, notsi zake mmezitia wapi? Si mmezitia maskani?

Mwanzisha mada, Tunguu

Dada wa Mtoni, Mungu amzidishie kaka nafuu. Neno "mateja" sitalitumia tena. Uraibu naomba nibaki nalo, kwani wazee wetu wakilitumia kwa tambuu na tumbaku kabla unga haujafika visiwani, na langu liko karibu zaidi na tambuu: linasitirika, linakubalika, na mkono unalifuata wenyewe. Hilo la maskani ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Shikamoo Maalim. Kandili ilikuwa taabu, naamini. Ila kandili haikuwa ikikuangalia ni ukurasa gani umekawia, ili usiku wa pili ikuletee mfano wake. Nia yangu inashindana na kitu kilichotengenezwa kiishinde. Na kukusanya simu mlangoni hakunisaidii mimi, kwa sababu darasani sikuwa nikizama. Nilizama saa saba usiku, peke yangu, nikiwa nimefungua grupu kuangalia kama lekcha ya asubuhi ipo. Tena dada wa mabaibui atapoteza wateja bure.

Ninaloomba ni dogo. Tangazo la jaribio au la kubadilisha chumba lije kwa meseji ya kawaida, inafika hata kwenye simu ya vitufe, na lisitoke baada ya Isha. Notsi ziwekwe maktaba na kwa yule wa steshenari getini, mtu aje na flashi achukue mchana, asisubiri bando la saa sita. Grupu libaki kwa anayelitaka.

Jumatatu nampelekea kiongozi wetu wa darasa barua. Nyinyi mnaosoma Wete na Chake, kwenu matangazo yanatoka saa ngapi? Na yupo aliyejaribu kukaa muhula mzima bila grupu akafaulu? Nataka kujua alizipata wapi notsi.