Pikipiki ya umeme: kilowati ngapi zinatosha kupanda Riat na mzigo?

MwanaMamboleo
Wakuu, habari za jioni. Niko steji ya Mamboleo hapa Kisumu, naendesha Boxer 150 ya petroli. Nataka kuchukua ya stima kwa mkopo na nimebaki na mbili za kuchagua. Karatasi ya kwanza inasema kilowati 3, halafu pembeni "kilele kilowati 6". Ya pili haitaji kilowati kabisa, imeandikwa tu nyutonimita 120 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha), na muuzaji ananiambia hiyo ni mara kumi ya Boxer. Wateja wangu wengi ni akina mama wa kwenda Kiboswa, mtu na gunia lake la omena. Ule mlima wa Riat mnaujua. Nitajuaje ipi ina nguvu kweli kabla sijatoa pesa ya kwanza?

Kondele_Kwetu
Angalia kilowati tu, ndugu yangu. Boxer yako ni nguvu za farasi 12, ambazo ni karibu kilowati 9. Ya kilowati 3 itakuacha hapo chini ya mlima.

FunditMota_Kibuye
Kondele, hesabu ya farasi ni sawa, lakini hizo 9 zinapatikana injini ikizunguka kama mara 7,500 kwa dakika. Hakuna anayepanda Riat injini ikilia hivyo na mama wa watu nyuma yake. Mimi kazi yangu ni kufungua mota na kontrola, kile kifaa kinachoamua umeme kiasi gani uende kwenye mota, na swali ninalomuuliza kila anayekuja ni hili: mlima wenyewe unadai ngapi?

Tuseme pikipiki, wewe, abiria na gunia ni kilo 300, na barabara inapanda mita 8 kwa kila mita 100. Ukienda 40 kwa saa, kuinua huo uzito peke yake kunakula wati 2,600, na tairi pamoja na upepo vinaongeza kama 1,000. Hiyo ni kilowati 3.6. Ukitaka kupanda na 60, inapita 6. Ukikubali 30, ni 2.5 tu.

Sasa rudi kwenye karatasi ya kwanza. Ile 3 ndiyo mota inaweza kutoa kutwa nzima bila kuchemka. Ile 6 ni ya muda mfupi, ya kuondoka steji au kupita lori. Mtu anaweza kukimbia na gunia mpaka kwenye matatu, lakini si mpaka Kiboswa. Ukiing'ang'aniza, mota inapata joto, kontrola inahisi, inapunguza ampea yenyewe. Hapo ndipo watu wanasema "imekataa", wakati mwenye pikipiki angepunguza mwendo kidogo tu ingepanda mpaka juu.

Ile ya pili ndiyo inaniuma, kwa sababu wengi wanauziwa hivyo. Nyutonimita 120 za mota iliyo ndani ya gurudumu zinapimwa hapo hapo kwenye gurudumu. Zile nyutonimita 12 za Boxer zinapimwa kwenye injini, na ukiwa gia namba moja zinazidishwa zaidi ya mara 20 kabla hazijafika nyuma. Kwenye gurudumu Boxer ina zaidi ya 200. Hiyo "mara kumi" haipo. Ukisimamishwa katikati ya mlima mkali na mzigo, ndipo utaona tofauti.

Dada_wa_Nduthi_Nakuru
Fundi amesema vizuri, niongeze mawili. Mimi naendesha ya umeme huku Nakuru, tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari. Injini ya petroli inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Mota ya umeme haijali hewa. Kwa hiyo huku Boxer ya farasi 12 haina 12.

La pili ni betri, na hili muuzaji hatakuambia. Betri ya volti 72 ikijaa iko kwenye 84, ikikaribia kuisha iko 60 na kitu. Ampea ni zile zile, volti zimeshuka, nguvu imeshuka. Nikipandisha abiria kuelekea upande wa Menengai asubuhi, pikipiki inavuta vizuri. Jioni betri ikiwa robo, mlima ule ule na uzito ule ule, unasikia kabisa imelegea mkononi.

MwanaMamboleo
Asanteni sana. Fundi, nimeenda wakanifungulia kiti nikasoma kibandiko cha kontrola. Ya kwanza volti 72, ampea 100. Ya pili volti 72, ampea 45.

FunditMota_Kibuye
Basi umepata jibu. Zidisha volti kwa ampea. Ya kwanza ni wati 7,200 kutoka kwenye betri. Toa zinazopotelea kwenye joto, gurudumu linabaki na kama 6,000. Kwa hiyo karatasi yao inasema kweli. Ya pili ni 3,240, gurudumu linapata kama 2,700, na hicho ndicho kilele chake. Na mzigo wako itapanda Riat kwa 30 na kidogo, hakuna zaidi.

Chukua ya kwanza. Lakini kabla ya kuweka sahihi waombe uijaribu Mamboleo hadi Kiboswa, na abiria, na gunia, betri ikiwa robo. Wakikataa, tafuta muuzaji mwingine.